Azimio la Kazi la Mwalimu Anayesoma

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, walimu wa shule za msingi Tanzania tunakuwa na kazi inayofanana kuanzia Bukoba hadi Mtwara: kuandika azimio la kazi. Unachukua kaunta buku, unapiga mistari kwa rula, unaweka safu za mwezi, wiki, kinachofundishwa, idadi ya vipindi, vifaa, rejea, tathmini na maoni. Ukimaliza, somo lako la mwaka mzima unaliona mbele yako. Mwalimu wa taaluma analipitia, mwalimu mkuu anasaini, na wathibiti ubora wakija ni miongoni mwa vitu vya kwanza wanavyoomba kuona. Wengi wetu tunaliandika kwa sababu tunatakiwa kuliandika. Mimi nilikuja kuliheshimu nilipoanza kusoma shahada ya elimu Chuo Kikuu Huria huku nikifundisha, nina watoto watatu, na mume wangu ni dereva wa lori la safari za Tunduma ambaye wiki nyingi hayupo nyumbani.

Naeleza haya kwa sababu nimeona walimu wenzangu wengi wakiacha masomo katikati. Ni watu wenye uwezo, wengine walikuwa wananifundisha mimi kozi za takwimu pale tulipokutana kwenye vipindi vya uso kwa uso. Kilichowashinda ni muda. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kinawafaa watu kama sisi, ambao hatuwezi kuacha kazi na familia tukahamia bweni. Unasoma ukiwa kwako, kituo cha mkoa kiko karibu, kasi unaichagua. Lakini kengele ya kipindi unaipiga mwenyewe, na hapo ndipo watu wazima wengi tunapokwama, kwa sababu maisha yetu yamejaa kengele za watu wengine.

Shule yangu iko nje kidogo ya Morogoro mjini, upande wa Mkundi. Siku ya kazi naondoka nyumbani saa 12 asubuhi, narudi saa 10 jioni. Wiki ya zamu natoka mapema zaidi, maana mwalimu wa zamu anatakiwa awakute watoto wanafagia, asimamie mstari, ahakikishe uji umeiva, na jioni aandike ripoti. Nikirudi nyumbani kuna kupika, kuna kazi za shule za wanangu, kuna madaftari niliyobeba ya kusahihisha. Jumamosi nina kikao cha kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Jumapili ni ibada. Katikati ya hayo yote kuna shahada.

Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kufungua moduli ya kozi yoyote, lilikuwa kuhesabu wiki. Wiki ina saa 168, iwe ya waziri au ya muuza maandazi. Nikatoa saa 49 za kulala, kwa sababu ninalala saa 3 usiku na kuamka saa 10 alfajiri, na usingizi ule sikutaka kuugusa. Nikatoa 50 za shule na njiani. Nikatoa 35 za nyumba: kupika, kufua, sokoni, watoto. Nikatoa 8 za ibada na kikoba, na 8 nyingine za kusahihisha na kuandaa masomo ya kesho. Kwenye karatasi zikabaki 18.

Saa 18 ni nyingi, na ndiyo maana zinadanganya. Ukizipanga zote, mtoto mmoja akipata homa usiku wa Jumanne ratiba nzima imekufa, na ratiba ikishakufa mara mbili tatu huifungui tena. Kwa hiyo nilichukua 12 tu. Zile 6 nikaziacha zipotelee zitakakopotelea, bila kuziwekea jina. Saa 12 ni dakika 720, na kipindi chetu cha shule ya msingi kwa madarasa ya juu ni dakika 40, basi nilikuwa na vipindi 18 kwa wiki. Viwili kila alfajiri ya siku ya kazi, kuanzia saa 10 kamili hadi saa 11 na dakika 20, vinne Jumamosi asubuhi kabla ya kikoba, vinne Jumapili jioni.

Nilifurahi kuviita vipindi. Mtu akisema "nitasoma leo jioni", hajasema kitu. Akisema "nina vipindi viwili", anajua kinaanza lini, kinaisha lini, na kipi kinafuata. Dakika 40 pia ni muda ambao akili ya mtu aliyechoka inaweza kuukubali. Nilikuwa nikimaliza cha kwanza nasimama, nabandika maji ya chai, narudi.

Baada ya hapo nikapiga mistari ya azimio lenyewe. Hapa ndipo ningependa mwanafunzi yeyote mwenye shughuli anisikilize, awe wa chuo, awe mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne au cha sita. Azimio la kazi haliandikwi kuanzia juu. Mwalimu mzoefu anaanza na tarehe ambazo hana mamlaka nazo. Anaandika kwanza likizo, sikukuu, mtihani wa nusu muhula, mtihani wa kufunga muhula, kisha ndipo anahesabu wiki zilizobaki na kuzigawia mada. Nami nilifanya hivyo. Nikachukua tarehe ya mtihani wa chuo, nikahesabu kurudi nyuma. Wiki mbili za mwisho nikaandika MARUDIO kwa kalamu nyekundu, hakuna mada mpya kuingia humo. Wiki zangu za zamu nikaandika sifuri. Wiki ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, sifuri. Wiki ya kujaza ripoti za maendeleo ya wanafunzi, vipindi sita tu. Mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, Jumamosi yake ni ya sokoni na kulipa madeni ya duka, kwa hiyo vile vinne vya Jumamosi nikavifuta.

Kilichobaki kilinishtua kwa udogo wake, na nilifurahi kushtuka mwezi wa kwanza, wakati bado kuna la kufanya. Muhula ambao kila mtu anauita wa miezi minne, kwangu ulikuwa na wiki kumi hivi za kusoma kwa kweli. Niligawa mada kwa wiki hizo. Na sikugawa sawasawa. Kozi ya takwimu katika elimu ilinitisha, nikaipa karibu nusu ya vipindi. Kozi ya falsafa ya elimu ningeweza kuisoma hata nikiwa nimechoka, nikaipa vichache na nikaiweka Jumapili jioni. Kuna watu wanapenda kila kozi ipate haki sawa. Mtihani haujali usawa huo. Toa muda kule kunakouma.

Kati ya vipindi 18, vinne kila wiki niliviandika neno moja: WAZI. Hivyo ndivyo vilivyoniokoa kuliko vyote. Kipindi kilichokosekana Jumatano kinahamia kwenye WAZI ya Jumapili, na Jumatatu naanza bila deni. Wiki ikienda vizuri, WAZI naitumia kurudia mada ya zamani au kulala tu. Muhula mzima sikumbuki wiki ambayo sikuihitaji angalau moja.

Kuna kitu kingine walimu tunacho ambacho wanafunzi wengi wa vyuo hawana, nacho ni andalio la somo. Azimio linaonyesha mwaka, andalio linaonyesha kipindi kimoja. Na andalio lina mstari mmoja ambao ni roho yake: "Hadi kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze..." Baada ya neno "aweze" ni lazima uweke kitendo kinachoonekana: kueleza, kutaja, kukokotoa, kulinganisha. Ukiandika "aweze kuelewa", mwalimu mkuu anakurudishia.

Nilianza kujiandikia mstari huo. Jioni kabla ya kulala, kwenye karatasi ndogo, sentensi moja kwa kila kipindi cha alfajiri. Mfano ninaoukumbuka: "Hadi saa 10 na dakika 40 niweze kueleza hatua nne za ukuaji wa akili za Piaget na kutoa mfano wa mtoto wa darasa langu kwa kila hatua, bila kuangalia moduli." Hatua mbili za mwanzo hazikuwa na mtoto wa darasani kwangu, nikamtumia mwanangu wa mwisho aliyekuwa anatambaa na yule wa kati aliyekuwa wa chekechea. Naamka, naikuta karatasi mezani, sina haja ya kujiuliza nisome nini. Dakika kumi za kujiuliza nisome nini, saa 10 alfajiri, zinatosha kumrudisha mtu kitandani.

Halafu ukifika mwisho wa kipindi, unafunga kitabu na kujipima. Kwenye kozi ya saikolojia ya elimu nilikutana na jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha kundi moja likarudia kukisoma na jingine likajaribu kukikumbuka na kukiandika bila kukiangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza. Kwa mtu mwenye saa 12 kwa wiki, hii ni habari kubwa. Kusoma mara ya tatu na ya nne, huku unapaka rangi ya njano kila mstari, ni starehe ya mtu mwenye muda. Mimi dakika 25 nilisoma, dakika 15 nilifunga moduli na kuandika ninachokumbuka nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani ya shule. Pale nilipokwama palikuwa wazi, na siku iliyofuata ndipo nilipoanzia.

Marudio pia niliyapa nafasi kwenye azimio. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe na silabi zisizo na maana, jinsi tunavyosahau haraka saa na siku za mwanzo, kisha kasi ikapungua. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha mgawanyo Ijumaa na kuuliza swali Jumatatu anaujua ukweli huo bila kuambiwa. Basi kila mada mpya niliipa dakika chache siku iliyofuata, na nyingine wiki iliyofuata. Dakika hizo nilizitoa kwenye daladala. Nilikuwa nikijirekodi kwenye simu nikieleza mada kwa Kiswahili changu cha kawaida, kama ninavyomweleza jirani, kisha kutoka Mkundi hadi stendi ya Msamvu nasikiliza kwa spika ya sikioni. Moduli zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyefundisha kwa Kiswahili miaka mingi anahitaji muda wa kuzitafsiri kichwani. Rekodi zile zilinifanyia kazi hiyo. Daladala ikijaa hadi mlangoni, mtu hawezi kufungua kitabu, lakini masikio yako huru.

Safu ya mwisho ya azimio ni maoni. Shuleni watu wengi wanaandika "mada imefundishwa" na kuendelea. Mimi kwenye azimio langu la chuo niliitumia kuandika jambo moja tu kila wiki: nilipanga vipindi vingapi kwa kazi fulani, na vilitumika vingapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muda ndiyo mali niliyokuwa nayo. Baada ya miezi miwili safu ile ilianza kunieleza tabia yangu. Kusoma mada ya kawaida, makadirio yangu yalikuwa karibu na ukweli. Kazi za kuandika, zile za nyumbani za kukusanya, zilikuwa zinakula karibu mara mbili ya nilichopanga. Kila mara.

Watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwahi kuwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wanaandika tasnifu wangemaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Ilichukua siku 55 hivi. Hata walipoulizwa ingechukua muda gani kama kila kitu kingekwenda vibaya, walitaja karibu siku 49, bado pungufu ya ukweli. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994, nami nilipousoma nilihisi kama umeandikwa kutoka kwenye kaunta buku langu. Tangu hapo, kazi yoyote ya kuandika naipa vipindi mara mbili ya ninavyodhani, na tarehe ya kukusanya naiandika kwenye azimio siku tano kabla ya tarehe ya chuo. Siku hizo tano ni za intaneti kukatika, steshenari kuishiwa wino, mfumo wa kupakia kazi kuelemewa usiku wa mwisho.

Sasa nije kwenye kipande kigumu, ambacho vitabu vingi vya kupanga muda hukipita haraka. Vitabu hivyo vinamuona mtu kama kisiwa. Vinasema jifunze kusema hapana. Kwetu huwezi kumwambia hapana mama mkwe aliyekuja kutoka Kilosa na kuku mkononi. Msiba wa jirani ukitokea unakwenda, unakaa na wenzako, unamenya vitunguu na kuosha masufuria, na hiyo si kupoteza muda. Siku yako ikifika, watu hao hao ndio watakaokuzunguka. Mwanamke anayesoma akijitenga na hayo, shahada ataipata, lakini atarudi kwenye mtaa ambao haumjui tena.

Nilichofanya ni kuzungumza mapema, na kuzungumza kwa namna fulani. Wifi yangu anakaa nyumba ya pili na sisi, na alikuwa amezoea kuingia kwangu wakati wowote. Jumapili moja akaniambia, "Wifi, siku hizi hupatikani. Au shule imetuharibia udugu?"

Nikamwambia, "Wifi yangu, udugu uko pale pale. Jumamosi nikitoka kikoba mchana ni wako wote, nakuja kwako tunasukana. Jioni za siku za kazi, kuanzia saa 11 hadi saa 2 usiku, mlango uko wazi. Jumapili jioni tu, naomba unishikie watoto."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni Jumapili jioni tu? Mimi nilidhani ni kila siku. Walete, watakula huku huku."

Hapo nilijifunza jambo ninalolisema kwa kila mwalimu anayeanza masomo. Waambie watu wako saa unazopatikana. Mtu anayeambiwa tu saa asizokuona anahisi amefungiwa mlango. Anayeambiwa saa zako za kukuona, na akakukuta kweli umekaa, simu umeweka pembeni, anakuwa mlinzi wa zile nyingine. Wifi yangu ndiye aliyekuja kuwa anawazuia wageni mlangoni Jumapili: "Mwalimu yuko darasani, njooni kesho jioni."

Kazini vilevile. Mtihani mmoja wa chuo uliangukia wiki yangu ya zamu. Azimio lilikuwa limenionyesha hilo wiki saba kabla, basi nilikwenda kwa mwalimu mkuu mapema. "Shikamoo Mkuu. Naomba kubadilishana zamu ya mwezi ujao, nina mtihani chuoni." Akaniuliza kama nimeshaongea na mwenzangu. Nilikuwa nimeshaongea naye, na karatasi ya makubaliano ninayo mkononi, tumesaini wote wawili. Akasaini bila neno. Viongozi wengi wa shule si wakorofi kuhusu masomo ya walimu. Kinachowakera ni kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu haupo.

Mume wangu alikuwa anapiga simu usiku akifika vituo vya mizani au akilala Makambako. Tukakubaliana anipigie kabla ya saa 3. Siku akichelewa anaacha ujumbe, na mimi namjibu saa 10 alfajiri kabla sijafungua moduli. Akiwa barabarani alfajiri ile, ujumbe wangu ndio wa kwanza kuusoma. Hii iliniuma kidogo mwanzoni, nakiri, kwa sababu sauti ya mwenzako usiku ina thamani yake. Tukaizoea.

Kuhusu alfajiri na usiku: watu wananiuliza sana. Mimi ni wa alfajiri, kwa sababu usiku wangu unamilikiwa na uchovu. Wako walimu wanaosoma saa 4 hadi saa 6 usiku na wanafaulu vizuri. Cha kuangalia ni saa ipi nyumba yako inakuwa kimya bila wewe kuomba kimya hicho. Na chochote utakachochagua, angalia umeme jioni ile. Units za LUKU zikibaki chache, nunua kabla hujalala. Taa ya kuchaji iwe imejaa. Simu naiacha sebuleni, kwa sababu kundi la darasa letu la WhatsApp lina watu wa alfajiri wengi kama mimi, na "habari za asubuhi wapendwa" zinaanza saa 10 na robo.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kampasi ya Solomon Mahlangu, pale Mazimbu. Kazi yake ni kusoma tu, hana mtoto wala zamu, na bado alikuja kwangu mwaka wa pili akilalamika kwamba muda hautoshi, na ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, zinamsubiri.

"Dada, mimi ratiba ninayo. Chuo kimenipangia. Wewe ndiye unayehitaji kupiga mistari."

"Nionyeshe hiyo ratiba, mdogo wangu."

Akanionyesha kwenye simu. Lekcha saa 2 hadi saa 4, nyingine saa 8 mchana. Katikati hakuna kitu. Nikamuuliza saa hizo nne anazitumiaje. Akasema anarudi hosteli, anapumzika, anasubiri. Jioni kuna mpira, kuna kikao cha ushirika, usiku ndio anafungua desa, yaani notisi zake, na usingizi unamkamata saa 5. Tukachukua karatasi tukapiga mistari. Yeye tatizo lake ni kinyume na langu. Mimi muda wangu umekamatwa na watu, wake umemwagika kati ya lekcha na lekcha bila mwenye nao. Tukaweka vipindi vitatu katika lile pengo la asubuhi, kabla hajarudi hosteli, maana kitanda kikionekana kipindi kimekwisha. Sharti lilikuwa moja: kipindi cha kwanza kiwe cha lekcha iliyotoka kuisha muda huo huo, afunge daftari na kuiandika upya kwa kumbukumbu. Jioni tukamwachia mpira wake wote.

Kuhusu bumu nako tukaongea. Fedha ya mkopo ikiingia, wiki ile wanafunzi wengi hawasomi, na ikiisha, wiki nyingine hawasomi kwa sababu ya kutafuta chakula. Akaigawa kwa wiki, akanunua mchele na maharage siku ya kwanza. Mtu mwenye njaa hana ratiba. Sapu zote mbili alizifuta, na mwaka wa tatu alikuja kunionyesha azimio lake mwenyewe, lina safu ambazo mimi sikuwa nazo, mojawapo ya wenzake wa kazi za kikundi na ahadi zao.

Wiki mbili zile nilizoziandika MARUDIO kwa kalamu nyekundu, nilizitumia kwa mitihani ya miaka iliyopita. Saa 10 alfajiri ni swali moja, kwa muda uleule wa chumba cha mtihani, kwa mkono na kalamu, siyo kwa kusoma majibu. Mkono wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni unachoka haraka ukiandika kurasa nane mfululizo, nao unahitaji mazoezi. Siku ya mwisho kabla ya mtihani nilifunga vitabu saa 12 jioni, nikapika ubwabwa, nikakagua kitambulisho na kalamu mbili, nikalala saa zangu zilezile.

Muhula uliofuata nilijisajili kozi moja pungufu. Safu ya maoni ilinionyesha kwamba kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni, na palizi ya shamba la mahindi, na mitihani ya kufunga muhula shuleni, vipindi 12 kwa wiki ndiyo mwisho wangu. Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa ameanza chuo mwaka ule na kujaza kozi zote alizoruhusiwa, aliniuliza kwa nini ninajichelewesha. Nikamfungulia kaunta buku, akasoma safu ile wiki baada ya wiki. Akauliza, "Sasa mwalimu, mimi nianze na safu ipi?"

Nikamwambia aniletee kwanza tarehe zake za zamu.